Dumu la Buluu la Bibi Tomi

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kunywa supu na kumaliza wali wake, Suzuna alivaa buti za mpira na kuteremka gerejini kwa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yake gerejini ilikuwa moja tu: kujaza maji ya urea kwenye tingatinga la kuzoa theluji. Urea hiyo ni ndugu wa ile mbolea ya shambani. Huyeyushwa katika maji safi, kisha mashine huirusha yenyewe ndani ya bomba la moshi ili moshi wa dizeli utoke bila sumu. Tingatinga likikosa maji hayo hugoma kufanya kazi.

Mama yake, Fundi Natsue, alikuwa fundi pekee wa mitambo mizito katika bonde zima la Hirakura. Alipofungua gereji, wapo waliomcheka. Sasa haohao ndio waliomletea mashine zao, na Suzuna alivimba kichwa kila aliposikia mtu akisema, "Mpelekee Natsue."

Gereji ile ilikuwa na sheria yake. Kabla ya kumimina kitu chochote, unakinyooshea kidole, unakitaja kwa sauti, kisha unasema "Sawa!" Mama alifanya hivyo hata akiwa peke yake. Alisema macho yakizoea kazi hulala, na kinachoyaamsha ni kidole na mdomo.

Jumamosi hiyo Suzuna alikuwa ndiyo kwanza amenyoosha kidole pale Daigo, mwanafunzi mwenzake, alipopita na koleo la theluji begani.

"We Suzuna! Unaongea na dumu? Limekujibuje?"

"Pita zako!"

"Haya, nisalimie mheshimiwa dumu!" Daigo akaondoka anacheka mpaka anayumba.

Suzuna aliona aibu. Aliurudisha mkono mfukoni, akachukua dumu la buluu lililokuwa karibu na mlango, akapanda kwenye ngazi ya tingatinga na kumimina kimyakimya. Pale gerejini maji ya urea yalikaa kwenye dumu la buluu. Mafuta ya taa ya jiko la kuotea moto yalikaa kwenye dumu jekundu, kama katika kila nyumba ya Hirakura. Nani angejisumbua kuuliza?

Alikuwa amemimina kama lita mbili hivi harufu ilipompiga puani. Mafuta ya taa! Ndipo akakumbuka. Bibi Tomi, mama wa mama yake, alihamia kwao wiki ile ile kutoka Nara, upande wa magharibi wa nchi, ambako watu huweka mafuta ya taa kwenye madumu ya buluu. Na bibi alikuja na lake.

Suzuna alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akalichukua dumu la urea, akajaza tangi mpaka juu, akajiambia kwamba lita mbili si kitu. Usiku ule hakupata usingizi mzuri.

Jumapili asubuhi theluji ilikuwa imefika kiunoni. Mzee Kuroiwa, dereva wa tingatinga, alitoka nalo mapema kwenda kufungua barabara ya Okuzawa, huko juu mlimani. Haikupita robo saa akarudi, taa ya manjano ya onyo ikiwaka na kuzima mbele yake.

"Natsue! Mashine imeishiwa nguvu, inatambaa kama kobe!" alipiga kelele kabla hajashuka. "Na dada yangu yuko Okuzawa peke yake. Amenipigia simu, mafuta ya jiko lake yanaisha leo jioni. Ana miaka themanini na mitatu yule. Nisipofika atalala kwenye barafu!"

Mama aliunganisha kompyuta yake ndogo na tingatinga, akasoma. "Inalalamikia kihisi, mzee. Kile kidude kinachopima kama maji ya urea ni mazuri."

"Basi ni kibovu, king'oe! Mashine za siku hizi zina maneno mengi kuliko mama mkwe."

"Polepole, mzee. Kihisi kikilalamika, si lazima kiwe kibovu."

Mama alilala chali juu ya gunia, chini ya tingatinga. Alipima umeme unaofika kwenye kihisi. Alichomoa soketi akaitazama kwa tochi kama ina kutu. Alizitikisa nyaya moja baada ya nyingine huku Suzuna akimsomea namba za kwenye kompyuta. Saa nzima ikapita.

"Umeme unafika, nyaya ni nzima, soketi safi," mama alisema akijifuta mikono. "Kimebaki kihisi chenyewe. Kipya kitatoka mjini, na treni zimesimama. Labda Jumanne."

"Jumanne!" Mzee Kuroiwa alikaa juu ya tairi kuukuu kama mtu aliyekatwa miguu. "Na hayo maji umeyapima?"

"Maji sina wasiwasi nayo. Kajaza Suzuna, na mwanangu hamimini kitu bila kukitaja."

Suzuna alihisi uso unamwaka moto. Afadhali mama angemtukana. Alitazama mlima uliofunikwa na theluji, akamfikiria yule bibi mbele ya jiko linalozimika.

"Mama, yapime," alisema. "Nimetia mafuta ya taa. Dumu la bibi. Daigo alinicheka, nikaona aibu kutaja. Nilipoisikia harufu nikajazia urea juu yake, nikanyamaza."

Mama hakufoka. Aliuliza tu, "Kiasi gani?"

"Kama lita mbili."

Mama alivuta maji kidogo kutoka kwenye tangi kwa mpira mwembamba, akayatia katika chupa ya kioo na kuiweka dirishani. Baada ya muda, utando wa mafuta ukaelea juu. Kihisi hakikuwa kibovu hata kidogo. Kilikuwa kinasema kweli tangu asubuhi.

Mama alimgeukia Mzee Kuroiwa, akainama mpaka mgongo ukalala sawa kama meza. "Kosa ni la gereji yangu, mzee. Mimi nilipaswa kupima maji kabla ya waya. Utusamehe." Suzuna aliinama kando yake, haoni kitu ila ncha za buti zake.

"Nyanyukeni, nyanyukeni," alisema mzee. "Linapona?"

"Kabla ya saa nane litakuwa barabarani."

Walifungua tangi, wakamwaga yote kwenye pipa. Wakalisuuza mara tatu kwa maji safi, wakabadilisha chujio, wakaikagua pampu.

"Tazama, mafuta hayajafika hapa," mama alimwonyesha Suzuna. "Tungefunga kihisi kipya tukawasha, yangeingia na kuharibu mipira yote ya pampu. Tingatinga lingelala mwezi mzima." Kisha akamkabidhi dumu. "Jaza wewe."

Daigo alikuwa nje akiondoa theluji, naye alisimama kutazama. Suzuna alinyoosha kidole, mkono umekaza.

"Maji ya urea, sawa!"

Sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Daigo hakucheka. Tingatinga likaunguruma, taa ya manjano ikazimika, na Mzee Kuroiwa, akiwa na mafuta ya jiko la dada yake, akapanda mlima theluji ikiruka pande zote mbili.

Alirudi jua likikaribia kuzama, na mfuko wa persimoni, matunda matamu yaliyokaushwa, kutoka kwa dada yake. Alimkuta Suzuna akilipaka dumu la bibi rangi nyekundu, na Bibi Tomi amesimama kando, kidole mbele: "Mafuta ya taa, sawa!"

Mzee alicheka, kisha akamwita Suzuna, akampa mfuko kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima.

"Nimeendesha mashine miaka arobaini," alisema. "Waliokosea nimewaona wengi, na mimi ni mmoja wao. Waliosema 'nimekosea' wakati mashine bado inaweza kupona ni wachache sana. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema. Leo umemwokoa dada yangu." Akamgeukia Natsue. "Na wewe, gereji yako ina mafundi wawili."

Mama alimnyooshea binti yake kidole, akatabasamu.

"Fundi Suzuna, sawa!"