Springi Kumi na Nne

Katibu wa kamati ya viwango alikutwa kifudifudi kwenye sakafu ya maabara, kisogo kimepasuka. Kando yake lilikuwapo bomba la chuma, limefutwa alama za vidole. Mitungi ya gesi ilikuwa imepangwa ukutani kama kawaida.

Inspekta, ambaye wenzake humwita Kobe, alizunguka chumba mara mbili bila haraka. Kesho yake kamati ilikuwa ipitishe vali moja, ya lazima kwa kila mtungi nchini. Wajumbe walishasaini fomu za kutamka kama kuna mwenye hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya vali hiyo. Wote waliandika: sina.

Alianza na aliyeukuta mwili: mhandisi, mjumbe mkongwe, aliyemwoa dada wa marehemu.

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa, Afande."

"Mimi gesi naijua kwa kuchemshia chai tu. Hebu nieleweshe hiyo vali."

Fundi akipata msikilizaji mbumbumbu, hata msiba husubiri. Mhandisi aliuvuta mchoro wa kamati.

"Mpira ukikatika, gesi inatoka kwa kasi. Pini kumi na sita inaikandamiza springi kumi na nne, tundu linaziba."

"Kumi na nne iko wapi? Hapa sehemu zote zimeandikwa herufi: A, B, C."

Mhandisi aliukunja mchoro.

"Mazoea tu, Afande."

"Mazoea ya mchoro upi?"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na cha mhandisi kilishaanza kutoka jasho.

Siku mbili baadaye, kwa amri ya mahakama, ofisi ya hataza ilimfungulia Inspekta faili la maombi ambayo bado yalikuwa siri. Vali ni ileile. Kwenye mchoro wake, springi ni namba 14. Pini, 16. Mwombaji: mhandisi.

"Kwa nini hukutamka?" Inspekta alimuuliza kituoni.

"Wangenibana nikubali ada ndogo, au wangechagua vali nyingine. Nilitaka ipite kwanza. Karakana za mitungi zikishachonga kalibu za kuiundia, zingekimbilia wapi? Ningetoza nipendavyo."

"Na zisizoweza kulipa?"

"Zingefunga."

"Shemeji yako alijuaje?"

Mhandisi alicheka kidogo, cheko baya. "Nilimwelezea vali kama nilivyokueleza wewe. Akaniuliza swali lako lilelile. Akasema, 'Shemeji, kesho tamka mwenyewe, la sivyo nitatamka mimi.' Miaka sita nimeihangaikia ile vali, Afande! Alinipa mgongo. Bomba lilikuwa mezani."

Alisaini maelezo yake kwa mwandiko safi. Inspekta alimfunga pingu na kumfungulia mlango, akitamani benchi la nje liwe tupu.

Halikuwa tupu. Mke wa mhandisi alinyanyuka, macho yamemvimba.

"Baba watoto, wanasema wameshampata aliyemuua kaka yangu. Umewasaidia?"

"Nimewasaidia," alisema mhandisi.

Ndipo mkewe akaiona mikono yake.