Nukta ya Kijani ya Fundi wa Lifti

Ndugu msomaji, kaa sawasawa. Unakaribia kusoma habari nzito kuhusu usalama kazini, teknolojia na wajibu wa kila raia. Kusema kweli, inahusu nukta moja ya kijani, ndogo kuliko punje ya mtama, na mama mkwe aliyekwama kwenye lifti.

Fundi alitunza lifti nne za jengo lenye ofisi na zahanati. Karakana yake ilikuwa chini kabisa, na mezani palikuwa na kompyuta. Kila asubuhi alifungua programu ya ujumbe ya jengo, ambamo wafanyakazi waliandikiana na maneno yakafika papo hapo. Kando ya kila jina palikuwa na nukta. Kijani: yupo. Njano: ameondoka mezani. Nyekundu: asisumbuliwe. Fundi aliichukia njano. Ikitokea tu, meneja humwandikia, "Uko wapi?"

Asubuhi hiyo alivua saa na pete akaziacha mezani, kama afanyavyo kila anapokwenda kwenye mashine. Chuma mwilini na gurudumu linalozunguka havipatani. Akamuaga binti yake, aliyekaa hapo karakana akisoma kitabu, likizoni kutoka shule ya bweni, msichana mtulivu, mwenye adabu na akili kupita umri wake. Kisha akapanda paani kupaka grisi mashine ya lifti ya nne.

Aliposhuka alisikia kengele ya lifti ya kwanza ikilia. Akakimbia, akafungua mlango kwa ufunguo wake. Akatoka mama mkwe, aliyekuwa anakwenda zahanati, mkoba ameukumbatia kifuani, jasho likimtiririka.

"Baba," alisema taratibu, "nilijua hunipendi. Sikujua ni kwa saa nzima na robo."

Mkwe hajibiwi. Hasira yote fundi akaipeleka mapokezi.

"Dada, mama mzima anakaa gizani, wewe unakunywa chai?"

Dada wa mapokezi akamgeuzia skrini. "Soma mwenyewe. Nimekuandikia mara kumi na moja. Mlinzi alitaka kukutafuta, nikamzuia, nikamwambia fundi yupo mezani, anakuja. Maana uko kijani, kaka. Kijani tangu asubuhi."

"Nilikuwa paani."

"Basi huko paani kuna meza."

Meneja akatokea, mashavu yamevimba. Alisema kama fundi alikuwa mezani na akapuuza kengele, afunge virago leo hii. Miaka tisa ya grisi na kamba za chuma, halafu afukuzwe na nukta! Fundi akadai aitwe mtaalamu wa kompyuta.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo ambaye hakupenda kuitwa. Alisikiliza, akasonya.

"Seva ni ile kompyuta kubwa iliyo chumbani kwangu," alisema. "Inapokea ujumbe na kuusambaza, na inatangaza nani yupo. Lakini haina macho. Inaamini inachoambiwa na kompyuta yako. Kipanya kikisogea, inasema yupo. Kikitulia dakika kumi, inasema ameondoka."

"Kwani changu kilisogea chenyewe?"

Wakashuka karakana wote wanne, dada wa mapokezi naye. Kipanya kilikuwa kimekaa juu ya saa ya fundi, kama kuku juu ya yai. Chini ya kipanya kuna taa ndogo. Kila mshale wa sekunde ulipopita chini ya taa ile, kompyuta ilidhani mkono wa mtu umesogea. Mtaalamu akakiondoa, akakunja mikono. Wakasubiri. Baada ya dakika kumi nukta ikawa njano.

Fundi aliuliza kwa sauti nzito nani aliweka kitu kile. Binti alikuwa amefikia ukurasa mzuri sana wa kitabu chake.

Meneja alitaka kuondoka, ila mtaalamu hakuwa amemaliza. "Na wewe, bosi, acha kuwinda njano. Unawafundisha watu kujificha."

Kisha mtaalamu akawaelekeza. Fundi akiondoka, achague mwenyewe "Sipo" na aandike alipo na namba ya simu. Habari ya mtu aliyekwama isiandikwe kwa mtu mmoja, iandikwe kwenye kundi la fundi, mlinzi na meneja. Ujumbe kufika si kusomwa. Zikipita dakika mbili hakuna aliyejibu, mapokezi wapige simu na mlinzi apande ngazi.

Wiki iliyofuata wauguzi wawili walikwama. Kando ya jina la fundi paliandikwa: "Paani, lifti ya pili. Nipigie." Dada alipiga. Wauguzi walitoka baada ya dakika tisa, wakicheka. Mama mkwe naye sasa hapandi lifti kabla hajaonyeshwa nukta ya mkwewe.

Hapa ndipo hadithi ilipaswa kuisha. Lakini fundi ameisoma akichungulia juu ya bega la mwandishi. Ameuliza, kwa sauti nzito ya siku ile, huyu msichana mwenye akili kupita umri wake ni nani hasa.

Ni mimi, Baba. Nilichoka kukuona ukiulizwa uko wapi, nikakiweka kipanya juu ya saa yako. Sikujua bibi angepanda lifti. Ile saa nzima na robo ya gizani ni yangu, na kesho nitakwenda kumwambia mwenyewe. Kwa ngazi.