Diski Iliyosomwa Kuze

Alhamisi, saa nane mchana, Fadhiya aliiona nakshi yake ya hina kwenye mikono ya bi harusi mwingine. Saa tisa alikuwa dukani kwake, mtaa wa Kuze, na Inspekta Mbodze, akimwonyesha mtu wa kufunga.

"Huyu Tsofa, afande, fundi wa kompyuta yangu. Flashi haimtoki shingoni! Ameiuza nakshi ya mteja wangu."

"Haki ya Mungu sikuiba," Tsofa alisema, machozi yakimlenga.

"Bi harusi mwenyewe nani?"

"Binti wa Ummukulthum, huyu tunayepanga naye chumba hiki cha duka. Yeye ni mpiga video tu."

Ummukulthum aliuvuta mkoba wake karibu. Mbodze alisonya. Huyu alikuwa mwizi wa tatu leo kuonyeshwa kwa kidole tu, na alikuwa amechoka kweli.

"Kompyuta iliwashwa lini?"

"Jumatatu, siku niliyomaliza kuichora nakshi humo. Haijazimwa. Intaneti haina."

Mbodze aliandika amri moja kwenye kompyuta. "Kiini cha mfumo huu hakibebi kila kitu kikiamka. Ukichomeka flashi ndipo kinapoita moduli yake, kipande cha programu cha kuisomea, na saa huandikwa. Moduli ya flashi haijaitwa. Tsofa, usilie, bwana! Iliyoitwa ni ya kusoma diski, Jumanne saa nne. Mji huu nani bado ana diski?"

"Mimi," Ummukulthum alisema. "Kina bibi wataka video zao kwa diski."

"Ulinakili?"

"Sikunakili. Nililinganisha nakshi yake na iliyo kwenye diski yangu."

Alitoa diski mkobani. Mbodze akaitia. Ilikuwa video ya Idi: Bi Sheikha, marehemu mamake Ummukulthum, mikono mapajani, na nakshi ni ileile, hadi kikonyo cha mwisho.

"Mama aliibuni mwenyewe akiwa mgonjwa kitandani, kwa ajili ya mjukuu wake, huyu bi harusi," alisema Ummukulthum. " Fadhiya ndiye aliyempaka."

"Mbona hukusema?"

"Nimuumbue mwenzangu wiki ya harusi ya mwanangu?"

Mbodze alimgeukia Fadhiya. "Ulijua ni ya nani, ndiyo maana ukamtaja fundi. Ungeniacha nimlaze ndani mtu bure!"

"Kila mteja ataka mpya," Fadhiya alinong'ona. "Sina mpya tena, afande. Nilidhani Bi Sheikha amekwenda nayo kaburini."

"Tsofa, nenda nyumbani. Wewe Fadhiya, bi harusi mteja wako apakwa lini?"

"Leo usiku."

"Basi ukamwambie mwenyewe nakshi ni ya nani, kisha uje kituoni."

Fadhiya alijifunika buibui. "Izimeni hiyo video."

"Haizimwi," alisema Ummukulthum. "Mwangalie mamangu."