Mruko wa Santuri ya Shangazi

"Shangazi, ukicheka tena nitakuchoma pini."

"Nichome. Bibi harusi wa umri wangu hasikii maumivu."

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini zimemjaa mdomoni, anashikiza pindo la gauni la shangazi yake. Alishona nguo za nusu ya mtaa, ndiyo maana hata waliomzaa walimwita Fundi. Mchana huo shangazi, mjane wa miaka mingi, alikuwa anaolewa na dereva mstaafu, mzee wa kicheko kizito na magoti mabovu.

Simu ya Fundi ikatetema juu ya cherehani. Shangazi akaiwahi, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma kwa sauti:

"'Leo sherehe ikiisha nataka jibu. Kama unanitaka sema, kama hunitaki sema. Nimechoka kuzungushwa.' Huyu ni Bwana Spika?"

"Ndiye."

Bwana Spika alikuwa mpiga muziki wa sherehe, kijana nadhifu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Na ndiye atakayepiga muziki leo.

"Utamwambia nini?"

"Labda nitamkubali. Ana heshima, ana kazi, tunapenda muziki mmoja."

"Na Kisigino?"

"Shangazi, Kisigino tuliachana."

"Najua mliachana. Nimeuliza, na Kisigino?"

Fundi alichomeka pini nyingine, akajichoma kidole.

Kisigino, seremala, alipewa jina hilo utotoni kwa kuzunguka juu ya kisigino kimoja kama pia. Nyumba yao na ya kina Fundi zilikuwa ukuta kwa ukuta, na jioni watoto hao wawili walikutana sebuleni kwa shangazi. Sakafu ilikuwa nyekundu, imesuguliwa kwa nta mpaka unajiona meno. Viti vilisukumwa ukutani, shangazi akafungua gramafoni iliyokaa kando ya dirisha, akashusha sindano taratibu kama anayemlaza mtoto.

Kulikuwa na santuri moja waliyoipenda kuliko zote. Shangazi mwenyewe aliwahi kuikwaruza kwa funguo. Ikifika pale penye mkwaruzo, sindano iliruka na kumeza nusu ya mstari. Watoto wale wawili wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Basi wakafika pale wanaruka miguu miwili, wanatua pamoja, wanaendelea. Hakuna aliyewafundisha.

Wakakua, wakapendana, wakachumbiana. Ila masikio hayakukua pamoja. Fundi akanogewa na nyimbo mpya za kasi, anazifungulia huku cherehani inalia. Kisigino akabaki na magitaa ya zamani. Siku moja akamwambia:

"Huu muziki wako ni sufuria zinaanguka ngazini."

"Na wako ni wa wenye meno ya bandia," Fundi akamjibu, mbele ya wateja.

Wateja wakaangua kicheko. Kisigino akachukua kofia yake, akatoka. Tangu siku hiyo simu zao zote mbili zilikuwa na chaji, na hakuna aliyempigia mwenzake.

Ukumbini, baada ya chakula, shangazi akapunga mkono.

"Bwana Spika, mwanangu, nipigie ule wimbo wangu."

"Upo, mama. Tena umesafishwa, hauna mkwaruzo hata mmoja."

Akaufungulia, akashuka jukwaani kumchukua Fundi. Shangazi akamvuta Kisigino kutoka mlangoni, alikokuwa akijifanya anarekebisha mguu wa kiti.

Fundi alikuwa anacheza bila kufikiri. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaingia. Na pale, pale penyewe, miguu yake ikaruka bila kumwomba ruhusa.

Upande wa pili wa ukumbi, viatu vingine viwili vikatua sakafuni papo hapo. Pu.

Watu wakageuka. Fundi na Kisigino walikuwa wameutangulia wimbo kwa nusu mstari, wao wawili tu, na wote wengine walikuwa nyuma.

"Umekosea mpigo," Bwana Spika akamnong'oneza.

"Sijakosea."

"Wimbo hauruki pale. Ninao mzima."

"Wimbo hauruki. Ninayeruka ni mimi."

"Na yule?"

"Naye anaruka."

Bwana Spika akamwangalia yule, akamwangalia huyu.

"Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo?"

"Jibu ni hapana. Nisamehe, ulistahili kuambiwa mapema."

Akashusha pumzi, akanyoosha shati lililokuwa limenyooka, akarudi kwenye mitambo yake.

Kisigino alikuwa amekwisha kuvuka ukumbi.

"Nilidhani miguu yako imesahau," akasema.

"Nami nilidhani meno yako yameisha."

"Ninayo yote, hesabu. Mbona hukunipigia?"

"Nilikuwa nakusubiri."

"Hata mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

"Na mimi nilikuwa nawasubiri nyote," shangazi akadakia, "mpaka gauni linanibana."

Fundi akamgeukia Bwana Spika, akaomba wimbo wake mmoja, ule wa kasi kuliko yote. Kisigino akauingia kama mtu anayekimbizwa na nyuki, viwiko huku, magoti kule.

"Sasa naona," akasema akihema. "Sufuria zinaanguka kwa mpangilio."

"Nioe, Kisigino."

"Kabati la nguo zako nimeshalimaliza. Lina fito ndefu za kutundikia, gauni halikunjiki. Nilikosa tu mtu wa kumpelekea."

Harusi yao ilifanyika ukumbi uleule. Nyimbo za kasi zilipigwa mpaka madirisha yakatikisika, na Kisigino alizicheza zote, vibaya na kwa moyo mweupe. Kisha shangazi akaingia na gramafoni yake mikononi. Bwana Spika, maana kazi ni kazi, akasogeza kipaza sauti karibu na sindano.

Wiki nzima shangazi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akifundisha watu. Santuri ilipofika penye mkwaruzo, ukumbi mzima ukaruka. Maharusi, wateja wa cherehani, hata dereva mstaafu na magoti yake. Glasi zikagongana mezani.

Nyuma ya spika zake Bwana Spika akaruka naye, akachelewa kidogo, akaangaza kama kuna aliyemwona.

Shangazi alikuwa amemwona.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akamwambia.