Jina Lililokwama Kwenye Spika

Siku ya mnada pale Katesh, hata mlima Hanang huonekana kama umesogea kidogo kuja kuchungulia bei ya mitamba. Vumbi, ng'ombe, marundo ya mitumba, nyama inayolia juu ya moto, na juu ya vyote hivyo sauti ya msichana mmoja, iliyotoka kwenye spika mbili zilizofungwa kwenye paa la kibanda:

"Aliyepotelewa na jogoo mwekundu, yuko hapa, anakula mahindi yetu! Aje upesi, kabla hatujamtangaza kama kitoweo!"

Renatus alijikuta anatabasamu peke yake katikati ya vumbi. Alikuwa kijana wa Dongobesh, mrefu, mwembamba, ndani ya koti la suti la kaka yake aliyemzidi mabega. Kazi yake ilikuwa kupeleka wito wa mahakama. Ukishtakiwa, yeye ndiye anayekuja kukukabidhi karatasi mkononi, na ndiyo maana kila alipoingia mtaa fulani, watu wa mtaa huo walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Akachungulia kibandani. Mwenye sauti alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, gauni la kitenge cha njano, sweta jekundu limefungwa kiunoni, raba nyeupe zilizokwishashindwa na vumbi. Mkononi alikuwa na bangili za shaba zilizogongana kila aliposhika kipaza sauti.

"Karibu, mwenye koti. Umepotea au umepotelewa?"

"Nimepotelewa na mtu."

"Mke?"

"Sina mke."

"Nimeuliza kwa ajili ya tangazo tu, mbona unajibu kwa furaha hivyo?"

Renatus akacheka, akatoa karatasi yenye muhuri. "Natoka mahakamani. Kuna mzee mmoja, ng'ombe wake waliingia kwenye ngano ya Mzee Nicodemo kule Gitting. Nimekwenda bomani kwake, nikakuta kina mama tu. Majirani wanasema amehama na mifugo kwenda malisho ya mbali. Hakimu akasema nibandike wito mlangoni."

"Boma lina mlango?"

"Lina lango la miiba. Nikauchoma kwenye mwiba mmoja mrefu. Nageuka hivi, mbuzi ameshaula."

Jenifa, maana ndilo jina lake, alicheka mpaka bangili zikaimba. "Kwa hiyo aliyeitwa mahakamani ni mbuzi!"

"Pamoja na muhuri. Sasa imebaki njia ya mwisho. Hakimu ameamuru utangazwe mnadani, kwa Kiswahili na Kibarbaig. Watu wote wakisikia, sheria inahesabu kwamba na yeye amesikia. Asipokuja, kesi itaendelea bila yeye."

"Leta."

Akasoma kimyakimya, na kicheko kikakatika kama betri imechomolewa. Renatus hakuona, alikuwa anaangalia bangili. Jenifa akakohoa, akawasha kipaza sauti.

"Tangazo la mahakama! Anaitwa shaurini mzee... mzee..." Spika zikakoroma. Ng'ombe mmoja akaitikia. "Mzee wa lile boma la kwenye migunga..."

"Jina," Renatus alinong'ona. "Lazima lisomwe jina."

"Soma wewe. Mimi koo limenikauka."

Renatus akakishika kipaza sauti, akatamka "Gidahosh" kwa lafudhi nzito ya kwao Mbulu, mpaka wachungaji waliokuwa wameegemea fimbo zao wakaangua kicheko. Jenifa akaendelea kwa Kibarbaig, na kila alipofika kwenye jina alimbonyeza mwenzake ubavuni, mwenzake akalidondosha. Wakatangaza hivyo, zamu kwa zamu, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

"Nipe namba yako," Renatus alisema walipomaliza. "Mahakama inaweza kuhitaji uthibitisho."

"Mahakama au wewe?"

"Mimi ni mkono wa mahakama."

"Basi mkono uandike."

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga siku hizo, na mnara wa simu wa Katesh mchanga zaidi. Ukisogea nyuma ya kanisa tu, mtandao unakuaga. Lakini penye nia hapakosi vocha. Renatus alibipu, Jenifa akabipu, mpaka mmoja akaona aibu akapiga.

"Haloo, kibanda cha matangazo."

"Nimepotelewa na usingizi."

"Pole. Ulionekana wapi mara ya mwisho?"

"Ulikuwa unaelekea kibandani kwako."

"Haukufika. Ila na wa kwangu umetoroka tangu juzi. Nafikiri wameondoka pamoja."

Jumapili, baada ya misa, walikaa hotelini karibu na stendi, chai ya maziwa na maandazi mezani. Renatus alilivua koti ili aonekane na mabega yake mwenyewe. Jenifa akayatazama mabega hayo, akasema, "Rudisha koti, mpenzi, utapata baridi," na neno hilo *mpenzi* likapita mezani kama vile limeteleza tu. Renatus alimeza andazi zima bila kutafuna.

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini anaandika kiapo cha kueleza jinsi wito ulivyotangazwa, huku akipiga mluzi. Hilda, karani wa mahakama, mama aliyezaliwa Basotu akakulia katikati ya Wabarbaig, aliinua macho.

"Wewe mdogo wangu, kiapo hakiandikwi kwa mluzi. Kuna nini?"

Renatus akamsimulia yote, na kwa furaha yake akasimulia mpaka namna alivyobonyezwa ubavuni. Hilda akaweka kikombe chini.

"Hakulitaja jina kabisa?"

"Hata mara moja. Nilitaja mimi."

"Na kule bomani, ulipowauliza wale kina mama kama ni kwa Gidahosh, walikujibu?"

"Waliangalia chini. Nikajua wananificha."

"Hawakukuficha. Mwanamke wa Kibarbaig akishaolewa, jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwake. Atazunguka, atasema mzee wa boma fulani, lakini jina, hata umpe ng'ombe. Sasa jumlisha mwenyewe."

Renatus akajumlisha. Jibu lilipotoka, mluzi ulikuwa umeshakufa.

"Kwa hiyo Jenifa ni..."

"Mke wa mtoto wa yule mzee. Pole. Umemnywesha chai mke wa mtu, na mkwewe ndiye mdaiwa wetu."

Jioni simu yake ya tochi ililia. Aliliona jina, *Jenifa Spika*, akaiacha ilie mpaka ikachoka. Ukaja ujumbe: "Bwana Wito, umekula kiapo cha kunyamaza?" Akausoma, akausoma tena, akazima simu.

Hapa wewe unayesoma umeshapiga kelele: muulize, bwana! Ni kweli. Lakini huyu, aliyezoea kuuliza watu wazima majina yao yote matatu na kijiji walichozaliwa, alishindwa kumuuliza msichana mmoja swali moja. Kila alipolikaribia aliliona jibu limesimama mbele yake, limevaa pete. Akajiambia anamheshimu mume wa mtu. Usiku akagundua kwamba heshima hailali.

Siku ya mnada ilipofika alijidai anapita tu. Spika zilikuwa kimya, kibanda kimefungwa kwa kamba.

"Unamtafuta Jenifa?" aliuliza muuza mitumba wa jirani. "Ameondoka na mkoba wake. Alisema anakwenda kwao, kwa mzee."

Kwao, kwa mzee. Renatus akashika kamba ya kibanda kama mtu anayeshika ukingo wa daraja. Akawasha simu, akapiga. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Alipiga siku ile na zilizofuata, mpaka akaanza kuzoeana na yule dada wa haipatikani, ambaye angalau alikuwa na adabu ya kupokea.

Siku ya kesi Mzee Nicodemo alikuja mapema, kofia mkononi. Hakimu akavaa miwani.

"Mpeleka wito, mdaiwa ameitwa?"

"Ameitwa, mheshimiwa. Tumetangaza mnadani kama ulivyoamuru. Watu wote wamesikia."

"Yuko wapi?"

"Watu wote wamesikia, mheshimiwa, isipokuwa yeye."

Hakimu alikuwa ameshika kalamu ili kesi iendelee bila mdaiwa, mlango ulipofunguliwa. Aliingia mzee mrefu, shuka jeusi begani, fimbo mkononi. Nyuma yake aliingia Jenifa. Kitenge cha njano kilikuwa kimekuwa rangi ya ardhi, raba zimekunywa tope likakaukia humo, midomo imepasuka kwa upepo. Hakumtazama Renatus. Renatus hakutazama kitu kingine.

"Wewe ni nani, mzee?"

"Gidahosh."

"Ulilisikia tangazo la mnadani?"

"Sikusikia kitu. Kule nilikokuwa kuna upepo na swala tu. Mimi nimeletwa na huyu." Akamnyooshea Jenifa fimbo.

"Na huyu ni nani kwako?"

Renatus akaangalia sakafu. Alilingoja neno *mkwe* kama mtoto anavyoingoja sindano.

"Mjukuu," mzee alisema. "Mtoto wa Julius wangu."

Faili likamponyoka Renatus, karatasi zikatawanyika mpaka chini ya meza ya hakimu.

"Mpeleka wito," hakimu alisema, "okota kazi yako."

Hilda alijificha nyuma ya kitabu chake akipambana na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Kesi yenyewe haikuwa na vita. Mzee alikiri ngano ililiwa, aliiona kwenye midomo ya ng'ombe wake mwenyewe. Hakimu akawapa nafasi yeye na Nicodemo wakae barazani wazungumze kiutu uzima. Renatus akatoka mbio, akamkuta Jenifa kwenye kona ya jengo anakung'uta raba.

"Simu yako imeharibika?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana."

"Vidole je?"

"Jenifa, nilidhani umeolewa."

Raba ikasimama hewani. Renatus akamweleza yote, la Hilda, la jina, la kujumlisha. Jenifa alianza kucheka, kicheko kikageuka njiani.

"Ukaamini kwamba nilikunywa chai yako nikakuita mpenzi, na mume ninaye nyumbani? Ndivyo ulivyoniona?"

"Hukulitaja jina."

"Wale kina mama walioangalia chini ulipowauliza, mmoja ni mama yangu. Tangu aolewe hajalitaja. Na mimi kuongea nimejifunza kwake, maziwa na maneno nimeyapata mahali pamoja. Darasa la kwanza mwalimu aliniuliza babu yangu anaitwa nani, nikanyamaza mpaka akanitoa nje. Sikatazwi, Renatus. Mimi ni damu yake. Lakini halitoki. Nikilifikia tu, namwona mama ananitazama."

"Ungeniambia pale pale kwamba ni babu yako."

"Ungenikabidhi karatasi, ukashukuru, ukaenda zako. Mtu mzima wa familia amepatikana, mpe apeleke, si ndiyo sheria yenu? Nilitaka kwanza unione mimi, si anwani ya mdaiwa. Halafu kila siku ikapita nikaona aibu zaidi. Nikasema, nitamleta mwenyewe." Sauti ikashuka. "Kule hakuna mtandao. Nilikuwa napanda kila kichuguu, naiinua simu juu, nione kama umejibu. Ng'ombe wananitazama."

Renatus alivua koti, akamfunika mabegani, na koti lile, lililokuwa kubwa kwake, kwa Jenifa likawa kama hema.

"Nisamehe. Nilikuwa na swali moja tu, nikaogopa kuliuliza."

"Liulize sasa."

"Umeolewa?"

"Sijaolewa."

"Una mtu?"

"Ninaye mmoja. Mjinga kidogo. Mabega yake ni ya kuazima."

Renatus akamshika mkono, na bangili zikalia kidogo. Wakakaa hivyo mpaka kivuli kirefu kikawaangukia. Gidahosh na Nicodemo walikuwa wamemaliza mazungumzo barazani. Nicodemo alishavaa kofia yake.

"Shikamoo, mzee," Renatus alisema, akiuachia mkono kana kwamba ni wa moto.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempa mbuzi wangu karatasi?"

"Ndiyo, mzee."

"Aliharisha." Mzee akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu. "Naona una neno jingine la kuleta. Hilo usilitundike kwenye mwiba, wala usilipigie kelele mnadani. Njoo na wazee wako, tukae chini."

"Nitakuja, mzee."

"Mimi sihami tena mpaka uje." Akatangulia na fimbo yake kuelekea stendi.

Wawili wakamfuata polepole kando ya barabara ya Singida. Jenifa alikuwa akisukuma kokoto moja kwa ncha ya raba.

"Baba yako anaitwa nani?" aliuliza ghafla.

"Kwa nini?"

"Jibu tu, Bwana Wito."

"Margwe."

Lori la vitunguu lilikuwa linapita. Jenifa akasimama, akasubiri lipite na kelele zake zote, na vumbi litulie. Kisha akalitamka taratibu, kama anayeonja chumvi.

"Margwe." Akatabasamu. "Margwe. Jina zuri."

"Litaje unavyotaka."

"Hapana," Jenifa alisema, akilikaza koti mabegani na kuanza kutembea. "Nimeshalitaja. Hiyo ndiyo mara ya mwisho."

Renatus alitembea hatua kadhaa kabla hajaelewa kwamba amejibiwa swali ambalo alikuwa hajathubutu kuuliza. Akasimama pale pale, katikati ya barabara, basi la Babati likimpigia honi, na yeye anacheka.