Mbona Umenikunja

Jokofu la maabara lilikohoa saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa madirishani.

"Umesikia?" mkuu wa maabara alinong'ona.

"Mota hiyo, bosi," fundi wake alijibu bila kuinua macho.

Fundi alijua si mota. Kazi yao ilikuwa kunakili DNA kwa kimeng'enya: unakipa uzi mmoja wa kuigia, chenyewe kinakuzalia mabilioni. Uzi huo mrefu ndio kiunzi. Vipande vifupi vya DNA huubana hapa na pale mpaka ujikunje kuwa kisanduku kidogo mno cha kubebea dawa. Mwezi uliopita alisahau kichupa cha uzi wa kuigia mezani Ijumaa, akakikuta Jumatatu kimeharibika. Akaona haya kusema. Akachukua damu ya marehemu mdogo wake, iliyobaki kwenye vipimo vya ugonjwa wake, ile aliyomwapia mama kwamba imezikwa pamoja naye, akatoa humo uzi mpya wa kuigia, akapanga upya vipande vya kuubana, na bosi akamsifu mbele ya watu. Sifa zile zilimchoma.

Kesho yake baada ya jokofu kukohoa, maabara ilinuka dawa ya kuchua kifua. Siku ya tatu alipofungua jokofu, kichupa cha kwanza kilikohoa, cha pili kikapokea, na cha tatu, safu kwa safu mpaka chini kabisa, kikohozi kilekile kikavu alichokiuguza miezi saba, kisha sauti nyembamba, ya karibu kabisa na sikio lake, ikauliza, "Dada, mbona umenikunja?"

Bosi, msomi wa shahada tatu, alimwingiza mganga kwa mlango wa nyuma.

"Jini limepata mwili wa kukaa," mganga alisema polepole. "Angekuwa mmoja ningemtoa. Wako wangapi?"

Fundi alimtajia. Mganga akafunga mkoba wake.

"Hawa hawanisikii mimi. Kamlete aliyewazaa."

Mama alikuja mchana uleule. Fundi alimweleza yote, kichupa kilichoharibika, kiapo cha uongo, sifa, akitazama viatu vya mama kwa sababu uso wake hakuuweza. Alitamani angalau apigwe kofi. Mama hakumgusa. Aliweka sikio kwenye mlango wa jokofu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mimi nilizika mmoja," alisema. "Hawa wote, mwanangu, unataka niwazike wapi?"

Ndani kikohozi kilikatika. Kisha, kichupa baada ya kichupa, wakaanza kumwita mama.