Kilo za Kilemba

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mabati ya mtaa wa Bombambili, Dorine alikuwa na kazi tatu. Alifagia uwanja, akachota maji kwenye bomba la jirani, kisha akamlisha Kilemba. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoikazia mama yake kuliko zote.

Kilemba alikuwa mbuzi wa maziwa, mweusi tii, mwenye baka jeupe kichwani lililozunguka masikio kama kitambaa. Kina Dorine hawakumnunua. Akina mama wa jumuiya yao, waliokutana kila Jumamosi kusali nyumba kwa nyumba, walikuwa na utaratibu wa kupokezana mbuzi. Nyumba moja hupewa mbuzi jike. Akizaa, mtoto wake wa kwanza wa kike hupelekwa nyumba inayofuata, na mbuzi mama hubaki. Safari hii nyumba iliyofuata ilikuwa ya Mama Agape, mjane aliyeishi mtaa wa pili, na Kilemba alikuwa na mimba ya miezi minne.

Agape mwenyewe alisoma na Dorine darasa la sita. Kila asubuhi walikutana njiani, mikono imefichwa ndani ya masweta kwa baridi ya Julai, na swali lake lilikuwa lilelile.

"Mbuzi wetu ameamkaje?"

"Mzima. Anakula kama mashine ya kusaga."

"Mdogo wangu ameshamchagulia mtoto jina. Anasema ataitwa Malkia."

"Na akizaliwa dume?"

"Ishia hapo hapo! Wivu wako tu, kwa sababu sisi tutakuwa na malkia na nyinyi mna kilemba."

Wakacheka. Dorine alicheka kidogo kuliko siku za nyuma, maana kulikuwa na jambo ambalo Agape hakulijua.

Mwezi Juni, shule zilipofungwa, mjomba wake Kajetani, aliyefanya kazi Mbesa, alikuja kuwasalimu akamwachia simu yake ya zamani. "Isomee, mjomba," alimwambia. Ndani ya simu kulikuwa na mchezo wa farasi. Dorine hakuwahi kumwona farasi kwa macho, lakini tangu siku ile alikuwa na wake, wa rangi ya kahawia, aliyempa jina la Umeme.

Kumtunza Umeme kulihitaji akili. Juu ya kioo palikuwa na mstari wa shibe, na kando yake namba ya kilo. Akipewa nyasi kavu peke yake, kilo zilipanda polepole. Akipewa nafaka, zilipanda papo hapo. Zikizidi, Umeme alikuwa mzito, akagonga vizuizi katika mashindano. Zikipungua, mbavu zilionekana naye akagoma kutoka bandani. Uzito mzuri ulikuwa kilo mia nne na themanini, na Dorine alijua vikombe vingapi vya nafaka na mafungu mangapi ya nyasi yangemfikisha hapo. Hata wasichana wa darasa la saba walikuja kumwuliza.

Kilichompendeza zaidi ni kwamba Umeme hakununa. Ungeweza kumsahau siku tatu, mstari ukawa mwekundu, kisha ukabonyeza kitufe mara sita. Mstari ulijaa, naye akatikisa mkia kana kwamba hakuna lililotokea.

Kilemba hakuwa na kitufe. Alitaka majani ya kukatwa bondeni kwa mundu, matawi ya mlusina, mti wa malisho, na pumba kidogo jioni. Mwanzoni Dorine alikwenda bondeni kila siku. Baadaye ikawa siku moja moja. Siku nyingine alimtupia maganda ya ndizi na majani makavu ya mahindi, akarudi ndani mbio kwa Umeme.

Mlangoni mwa banda ilining'inia kadi. Kila Jumamosi Dorine alitakiwa kuzungusha utepe kifuani mwa mbuzi, nyuma ya miguu ya mbele. Utepe huo, uliotolewa na akina mama wa jumuiya, ulionyesha kilo. Akishapima, aliandika namba kwenye kadi. Jumamosi moja, mashindano yakiwa yanakaribia kuanza kwenye simu, aliona uvivu kuutafuta utepe. Wiki iliyotangulia alikuwa ameandika 35. Akaandika 36. Wiki iliyofuata akaandika 37, hata bila kuingia bandani; aliichukua kadi mlangoni, akaijaza jikoni, akairudisha.

Mama yake, Lidwina, aliuza maharage sokoni. Aliondoka alfajiri akarudi giza likiingia. Kila alipopita bandani alimulika kadi kwa tochi, akatabasamu. "Vizuri, mwanangu. Mimba inakwenda vizuri." Manyoya ya Kilemba yalikuwa yamesimama kwa baridi, na gizani hakuna aliyeweza kuziona mbavu zake.

Namba zikapanda hadi 40.

Ijumaa moja, wakitoka shuleni, Agape alimshika mkono. "Kesho jumuiya ni kwenu, umesikia? Na Bwana Nassoro anakuja kupima mimba. Mama anasema akitupa siku ya kuzaa, tunaanza banda."

Bwana Nassoro alikuwa afisa mifugo, mtu wa Tanga aliyehamia Songea mwaka uliopita. Dorine alimwacha Agape njiani, akakimbia. Alifika nyumbani, akautafuta utepe chini ya vikapu, akauzungusha kifuani mwa Kilemba. Thelathini na tatu. Akaulegeza, akauvuta tena. Thelathini na tatu.

Alikaa chini akafikiri, na akili iliyomjia ni ile aliyoizoea. Kilo zikipungua, toa nafaka.

Ndani palikuwa na mahindi ya mavuno mapya. Alijaza beseni. Kilemba, kwa njaa aliyokuwa nayo, aliingiza pua yote, akala bila kuinua kichwa. Dorine akapima. Tumbo lilikuwa limetuna, lakini utepe wa kifuani haukusogea. Akaleta beseni la pili. Akaleta na ndoo ya maji. Akapima tena, akavuta utepe huku machozi yakimlenga. Thelathini na tatu.

"Labda kesho itakuwa imepanda," alijiambia.

Asubuhi Kilemba hakusimama. Alilala ubavu wa kulia, tumbo limevimba kama mtungi, akisaga meno. Macho yake yalimtazama Dorine bila kumwona. Dorine aliita, "Mama!"

Akina mama wa jumuiya walikuwa wameanza kufika. Sala ya siku hiyo haikuanza. Mwenyekiti wao, Mama Notburga, alimpigia simu Bwana Nassoro, naye akaja mbio na pikipiki yake. Dorine alimwamkia, "Shikamoo, daktari," akaitikiwa bila kutazamwa. Bwana Nassoro alipiga magoti, akagonga tumbo la mbuzi kwa vidole, akasikiliza.

"Tangu jana amekula nini?"

Wote walimgeukia Dorine. Akaiona kadi mlangoni, na ile namba 40.

"Majani tu, daktari."

"Majani gani? Mabichi? Yenye umande?"

"Ya kawaida."

"Dorine ndiye anayemlisha," mama yake alisema. "Huyu hawezi kunidanganya."

Bwana Nassoro akatikisa kichwa kukubali. Kwa tumbo lililojaa gesi ya majani mabichi, alisema, mafuta ya kula husaidia. Walimnywesha Kilemba mafuta, wakamsimamisha kwa nguvu, wakamsugua tumbo, wakamtembeza. Akaanguka tena. Muda ulipita. Ukungu ukaondoka, jua likatoka lisilo na joto.

"Gesi haitoki," alisema Bwana Nassoro, akijifuta jasho. "Kama ni majani ingekuwa imeanza kutoka. Sielewi."

Agape alikuwa amekaa chini kwenye tope na gauni lake la Jumamosi, kichwa cha Kilemba mapajani. Aliinua uso. "Dorine, wewe unamjua kuliko sisi sote. Hebu kumbuka vizuri. Hakuna kingine alichokula?"

Hakusema kwa shaka. Aliuliza kwa imani kabisa, kama anavyouliza kila asubuhi njiani, na hiyo Dorine hakuiweza.

"Mahindi," alisema. "Mabeseni mawili. Nilitaka afikie kadi."

"Afikie kadi?" mama yake aliuliza.

"Namba nilizitunga, mama. Sikuwa nampima. Sikuwa namkatia majani." Sasa alikuwa akilia kwa sauti. "Nilikuwa nacheza na simu."

  Bwana Nassoro alikuwa ameshasimama, akifungua mkoba wake na kuchanganya dawa ya unga mweupe katika chupa ya maji. "Nafaka kavu kwenye tumbo la njaa huchacha, ikawa asidi," alisema haraka. "Dawa yake ni nyingine kabisa." Akamnywesha, akampiga na sindano. Alipomaliza alitazama saa yake. "Nusu saa. Nusu saa nzima nimempa dawa isiyokuwa yake."

Jioni tumbo lilianza kushuka. Jumapili Kilemba alisimama, akatetemeka, akanywa maji. Jumatatu alfajiri mimba ikatoka.

Mtoto alikuwa jike. Alikuwa mweusi, mwenye baka jeupe kichwani.

Walimzika nyuma ya banda, Dorine akichimba na mama yake akimulika. Udongo wa Julai ulikuwa mgumu. Walipomaliza, Dorine alinong'ona, "Mama, utawaambia kina Agape?"

"Hapana. Utawaambia wewe. Mimi nitasimama kando yako."

Walimkuta Mama Agape uwanjani, anapukuchua mahindi, Agape kando yake. Dorine alimwamkia, akasema yote, kuanzia Umeme hadi kaburi dogo. Mama Agape hakuacha kupukuchua. Punje zilidondoka katika ungo moja moja. Mdogo wake Agape, mtoto wa miaka minne, alitokea mlangoni.

"Malkia amekuja?"

 Agape aliinuka, akambeba, akaingia naye ndani.

"Nimekusikia, mwanangu," Mama Agape alisema hatimaye. "Nendeni. Leo sina neno la kukupa."

Njiani mama yake Dorine alisimama ghafla. "Na mimi nina kosa," alisema. "Kila siku nilimulika kadi. Sikummulika mbuzi."

Siku chache baadaye Dorine aliifungua simu mara ya mwisho. Umeme alikuwa bandani, mstari wake mwekundu. Alibonyeza mara sita. Mstari ukajaa, farasi akatikisa mkia. Dorine aliutazama mkia ule. Akaizima simu, akampa mama yake. "Niwekee. Nitaiomba nikiwa na kazi ya shule."

Bandani, Kilemba alirudi nyuma kila alipomwona akija. Wiki nzima hakula mpaka Dorine aondoke.

Dorine akaanza upya. Kila jioni alishuka bondeni na mundu, akapanda na mzigo kichwani. Shingo ilimuuma, vidole vikapasuka kwa baridi. Jumamosi ya kwanza alizungusha utepe, akaandika kwenye kadi mpya: 30. Namba hiyo ilimtia aibu, lakini aliitundika palepale mlangoni, kila mtu aione. Wiki ya pili, 30. Wiki ya tatu, 31. Shuleni alitembea peke yake.

Jioni moja ya mwezi Agosti, akihangaika kumshika mbuzi kwa mkono mmoja na utepe kwa mwingine, aliona mkono wa mtu mwingine ukipokea ncha ya utepe.

"Unavuta sana," alisema Agape. "Utajidanganya."

Dorine alilegeza. Walisoma pamoja. Thelathini na mbili.

"Sijakusamehe yote," Agape alisema.

"Najua."

"Bondeni unakwenda saa ngapi kesho?"

Mwezi Oktoba, majivu ya mashamba yaliyochomwa yakipeperuka hadi mjini, Bwana Nassoro alirudi. Hakuitazama kadi kwanza. Alimpapasa Kilemba mgongo na mbavu, akamtazama macho na ufizi, kisha akapima. Thelathini na saba. Ndipo akaisoma kadi, mstari kwa mstari, akakuta ya mwisho ni 37. Mama Agape na mama yake Dorine walisimama nyuma yake.

"Yuko tayari kupandishwa tena," alisema. "Mungu akijalia, Machi atazaa. Nyumba inayosubiri ni ileile."

Mama Agape alishusha pumzi. "Machi si mbali," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la upole kwa Dorine tangu siku ile ya ungo. "Banda tutalijenga taratibu."

Bwana Nassoro alimpa Dorine kadi. "Njoo hapa, binti. Tazama hii 30 uliyoiandika mwanzo. Ilikuuma?"

"Iliniuma, daktari."

"Ndiyo iliyomponya. Wewe uliiona, mama yako akaiona, Agape akaiona, kila mmoja akajua la kufanya. Ile 40 ilitufurahisha sote, na nyuma yake mnyama alikuwa anakufa njaa. Mchezo si dhambi, cheza ukimaliza kazi. Lakini mwenye uhai hashibishwi siku moja kwa njaa ya mwezi. Anatunzwa kila siku, kidogo kidogo. Na ukikosea, sema mapema, wakati dawa ingali dawa."

"Nimesikia, daktari."

Alipoondoka, Dorine aliingia bandani na tawi la mlusina. Hakulitupa chini. Alilishika, akasubiri. Kilemba alimtazama kwa muda mrefu kutoka pembeni. Kisha akasogea hatua moja, ya pili, akanyoosha shingo, akala jani la kwanza mkononi mwake.